Nimeanza GRE na 143 ya hesabu. Kuna aliyetoka huku chini akafika 160?

#1 Dada_wa_Arua
Wakuu, salaam. Jana nimefanya jaribio la kwanza la bure la POWERPREP, lile la ETS wenyewe wanaotunga GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Hesabu 143, lugha 151. Ninataka kwenda Marekani kusoma uzamili wa sera za umma, na kila ninayemuuliza ananiambia bila 160 ya hesabu nisahau ufadhili. A-level hapa Uganda nilisoma HEL (historia, uchumi, fasihi) na Sub-ICT (kompyuta), maana yake mimi na hesabu tuliagana S4 (kidato cha nne), kila mtu akashika njia yake. Kazi yangu iko kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Yumbe, kwa hiyo kusoma ni usiku.

Swali langu: mtu akianza chini hivi, kinachomwangusha ni nini hasa? Msingi, muda, Kiingereza, au mtihani wenyewe una ujanja wake? Na kuna anayemjua kwa macho mtu aliyepanda kutoka huku? Hadithi za YouTube nimeshiba.

#2 Kijana_wa_Ntinda
143 kwa 170 ni asilimia 84. Makerere hiyo ni A. Dada unalia nini?

#3 Mhandisi_Kireka
#2 usimpotoshe mwenzako. Mizani ya kila sehemu inaanzia 130 na kuishia 170. Anayekosa maswali yote anatoka na 130 yake. Kwa hiyo 143 iko hatua 13 juu ya sakafu, na dari bado iko hatua 27. Hakuna A hapo.

#4 Kijana_wa_Ntinda
Mhandisi, nilikuwa namtia moyo tu, wewe umekuja na futi kamba.

#5 Mwalimu_Jinja
Dada, pole na hongera kwa kujipima mapema. Nafundisha hesabu sekondari, na kwa mtazamo wangu tatizo ni msingi, mengine yanafuata.

Mtihani huo hauna trigonometria wala kalkulasi. Una hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na usomaji wa takwimu, yaani karibu yote ni mambo ya S1 hadi S4. Mtu wa HEL akisikia hivyo anafurahi, halafu anaufungua anakuta haelewi kinachotakiwa. Sababu ni kwamba shuleni tuliyapita hayo kwa kukariri hatua za kumridhisha msahihishaji wa UNEB, baraza la mitihani la taifa.

Chukua swali hili. Kitenge soko la Kikuubo kinauzwa 50,000. Mwenye duka anapandisha bei kwa asilimia 20. Wateja wanamkimbia, anaishusha kwa asilimia 20. Sasa kinauzwa bei gani? Kila mwaka nikiliuliza, darasa linanijibu kwa sauti moja: 50,000. Jibu ni 48,000, kwa sababu asilimia 20 ya pili inakatwa kwenye 60,000. Anayenaswa hapo hahitaji mbinu za mtihani. Arudi kwenye asilimia, uwiano, sehemu na vipeo, ayafanye mpaka mkono uzoee. ETS wana kitabu chao cha marudio ya hesabu, kipo mtandaoni bure, na kinakuelekeza kwenye video za Khan Academy. Anzia hapo. Mitihani mizima ya majaribio iache kwanza.

#6 Mhandisi_Kireka
Mwalimu heshima yako, lakini nina PCM (fizikia, kemia, hesabu) na shahada ya uhandisi na jaribio langu la kwanza la hesabu lilinidhalilisha vilevile. Msingi ninao. Kilichonimaliza ni saa.

Angalieni mgao. Sehemu ya kwanza ya hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Kila swali unapata kama dakika moja na sekunde 45. Sisi wa PCM tumezoea kuandika kurasa mbili kwa swali moja, tuonyeshe kazi. Huku hakuna anayesoma kazi yako. Ukikuta 48 × 25 ukaanza kuzidisha kwa kupanga safu, umekwisha. Yule anayeona ni 12 × 100 yuko swali linalofuata.

Dada jipime hivi. Chukua maswali yote uliyokosa, yafanye upya bila saa na bila kuangalia majibu. Utakayoyapata, ugonjwa ni muda. Utakayoyakosa tena, mpe Mwalimu.

#7 Nubi_wa_Bombo
Wote mnazunguka. Hesabu za mtihani huu ni kusoma. Kuna yale maswali ya kulinganisha kiasi A na kiasi B. Unapewa x ni kubwa kuliko sifuri. A ni x mara x, B ni x. Kipi kikubwa? Watu wanaruka: A! Wamesoma "x kubwa kuliko sifuri" wakajaza wenyewe kichwani "x ni 2, 3, 4". Hakuna aliyesema x ni namba nzima. Ukiweka nusu, A inakuwa robo, B inashinda. Ukiweka 1 zinalingana. Jibu ni kwamba haiwezi kujulikana kwa taarifa zilizotolewa. Hapo hujashindwa hesabu wala saa, umeshindwa kusoma sentensi yenye maneno manne.

#8 Mwalimu_Jinja
Nubi, hiyo ya nusu ikijizidisha na kupungua ni somo la sehemu. Ndiyo msingi ninaousema.

#9 Kansanga_TZ
Na lugha kapata 151 huyu, juu ya hesabu. Ingekuwa kusoma, si ingeanguka lugha?

#10 Nubi_wa_Bombo
Kusoma habari na kusoma masharti ni kazi mbili tofauti. Waulize mawakili.

#11 Takwimu_Mbale
Naomba nimwage maji baridi kidogo. Jaribio moja si kipimo cha mtu. Mtihani wowote una kutikisika kwake: mtu yuleyule, ujuzi uleule, akirudia wiki ijayo alama inaweza kusogea pointi kadhaa juu au chini bila kujifunza chochote. Na mara nyingi jaribio la kwanza kabisa ndilo la chini kwa sababu mtu hajui skrini, hajui kalkuleta iko wapi, hajui aina za maswali. La pili likipanda anashukuru mbinu mpya, au anamshukuru mwalimu wa tuisheni aliyemlipa, wakati sehemu kubwa ilikuwa ije yenyewe.

Halafu hizi simulizi za "nilipanda pointi 20". Anayepanda anaandika. Aliyefanya tena akabaki palepale hafungui uzi.

#12 Mwalimu_Jinja
Kwa hiyo Takwimu unamshauri akae tu alama zije zenyewe?

#13 Takwimu_Mbale
Sijasema hivyo, Mwalimu. Nasema asijiite 143.

#14 Daktari_wa_Zamu
Mimi naongeza jambo ambalo mnalidharau. Dada, ulifanya saa ngapi? Nilijipima mara ya kwanza nimetoka zamu ya usiku, kwenye chumba cha mapumziko, huku simu ya wodi inaita. Matokeo yalikuwa aibu. Nikarudia jaribio jingine Jumamosi asubuhi nimelala vizuri, na katikati sikuwa nimesoma kitu. Tofauti ilionekana kwa macho. Uchovu unaingia kwenye makosa ya kizembe: unasoma "isipokuwa" kama haipo, unajibu kipenyo wakati umeulizwa nusu yake.

#15 Kijana_wa_Ntinda
Ushauri wa bure kutoka kwangu: usilolijua liache wazi. Ukikosa wanakata.

#16 Mhandisi_Kireka
Kijana, Kijana. GRE haikati alama kwa jibu la makosa. Alama inatokana na uliyopata. Sekunde 30 za mwisho jaza kila kilichobaki hata kwa kufumba macho.

#17 Kijana_wa_Ntinda
Ndiyo maana mimi nilienda kufanya biashara.

#18 Kansanga_TZ
Hamjagusa mfumo wenyewe. Mtihani unajibadilisha kulingana na unavyojibu. Ukianza vibaya unashushiwa maswali mepesi, na ukishashushiwa, hata uyapate yote hufiki juu. Ndiyo maana watu wanasema tumia muda mwingi kwenye maswali ya mwanzo. Dada huenda aliharibu mwanzo tu.

#19 Mhandisi_Kireka
Nusu sahihi, mkuu. Unaobadilika swali kwa swali ni GMAT, ule wa kuombea shule za biashara. GRE inabadilika sehemu kwa sehemu: unavyofanya kwenye yale 12 ya kwanza ndiyo inaamua yale 15 ya pili yawe magumu au mepesi. Ndani ya sehemu swali la kwanza na la kumi na mbili uzito ni uleule, na unaweza kuliwekea alama gumu, ukapita, ukalirudia. Kumwaga dakika tano kwenye swali la kwanza ni kujichongea. Lakini la kushushiwa dari umesema kweli.

#20 Mama_wa_Entebbe
Naona mnabishana, niwape kisa maana ndicho alichoomba mwenye uzi. Nilianza na 145. Nilisoma HEG (historia, uchumi, jiografia), naye pia ni wa H hizohizo, tunaelewana. Niliishia 158. Kwa hiyo dada, 160 sikufika, ila 158 ilinipeleka, na chuo kilinipa nafasi ya kufundisha wasaidizi... samahani, nafasi ya msaidizi wa mwalimu, ikalipa ada.

Kilichonisaidia ni daftari la counter, yale ya kawaida. Kila swali nililokosa nililiandika kwa mkono, lote, si namba yake. Chini yake naandika sentensi moja tu: kwa nini nilichagua lile jibu la makosa. Si jibu sahihi ni lipi. Hilo kitabu kinakuambia. Kwa nini MIMI nilienda kule. Baada ya muda kurasa zilianza kufanana. Kumbe nusu ya matatizo yangu yote ilikuwa kitu kimoja: nikiona mchoro wa pembetatu naamini macho. Inaonekana ina pembe mraba, basi nasema ina pembe mraba. Na GRE inakuambia wazi kwamba michoro ya jiometri si lazima iwe kwa vipimo. Grafu na chati za takwimu ndizo unaweza kuziamini.

Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Usiku sikuwahi kuweza, Daktari ana haki.

#21 Takwimu_Mbale
Mama, 145 hadi 158 ni kupanda kweli, hiyo si kutikisika. Nauliza tu: ulitumia kipi cha kupimia 145? Maana kuna majaribio ya makampuni binafsi yanayokupa alama ya chini makusudi ili ununue kozi, halafu mwisho "umepanda".

#22 Mama_wa_Entebbe
POWERPREP mwanzo, mtihani wenyewe mwisho. Mtoto wa watu, nilijua utakuja.

#23 Kansanga_TZ
Takwimu hapo kwenye makampuni umenigusa. Kuna tuisheni hapa mjini iliniahidi pointi 20 au pesa yangu irudi. Pointi hazikuja. Pesa nikaambiwa irudi kama ningehudhuria asilimia 100, na siku moja nilikosa kwa sababu ya mafuriko ya Bwaise.

#24 Kijana_wa_Ntinda
Asilimia 100 ukikosa siku moja ni ngapi? Mwalimu Jinja msaidie.

#25 Dada_wa_Arua
Asanteni nyote. Daktari, nilifanya saa nne usiku, taa ya sola, mbwa wanabweka. Haya.

Nimefanya jaribio la #6, yale niliyokosa nimeyarudia bila saa. Kundi moja limekuja lote sahihi bila hata jasho, hasa ya kusoma chati na wastani. Kundi la pili nimeyakosa tena, mengine kwa jibu lilelile la makosa: vipeo, thamani kamili, na kasi-umbali-muda ya watu wawili kukutana njiani. Kundi la tatu ndilo limenichanganya. Nilijua kufanya, muda ulikuwepo, na bado nilikosa. Moja lilisema namba tofauti, mimi nikatumia 3 mara mbili.

#26 Mhandisi_Kireka
Kundi la kwanza: muda. Nimesema.

#27 Mwalimu_Jinja
Kundi la pili: msingi. Nimesema mimi.

#28 Nubi_wa_Bombo
La tatu kusoma, na nyie wawili mkae chini.

#29 Daktari_wa_Zamu
La tatu ni saa nne usiku na mbwa wanabweka.

#30 Takwimu_Mbale
Swali la nyuma ya swali: nani kasema 160? Dada, nenda ukurasa wa kila kozi, usiende kwa watu. Tangu janga la 2020 kozi nyingi Marekani zimeufanya GRE kuwa wa hiari, nyingine hata ukiutuma hawautazami, na nyingine bado wanaung'ang'ania. Ukituma alama ya chini mahali ni hiari, umejifunga bao.

Na mjue 160 mbili hazilingani. Kwa majedwali ya ETS ya miaka ya karibuni, 160 ya lugha inakuweka juu ya zaidi ya asilimia 80 ya watahiniwa. 160 ya hesabu inakuacha karibu katikati, kwa sababu wahandisi wa dunia nzima wamejazana juu. Kozi ya sera za umma inasoma zote mbili. Wewe lugha uko 151 bila kujitayarisha. Kwa nini usipandishe huko pia?

#31 Nubi_wa_Bombo
Hapo nakuunga mkono. Na ya lugha isiwe kumeza orodha za misamiati. Kuna maswali ya kujaza mapengo mawili au matatu, na ukikosa pengo moja huli hata nusu alama. Anayeshinda pale ni anayeona sentensi imegeuka wapi: kuna "ingawa", kuna "licha ya", kuna nukta mbili. Soma makala ndefu za Kiingereza, kila siku moja, usimamie hapo zinapogeuka.

#32 Mwalimu_Jinja
Sikubali mtu aambiwe akimbie hesabu. Kozi hiyo ya sera akifika atakuta takwimu na uchumi vinamsubiri mlangoni. Hesabu anayoikwepa leo ataikuta muhula wa kwanza, na hapo hakuna majibu ya kuchagua.

#33 Takwimu_Mbale
Mwalimu, hilo sina la kujibu. Lakini ni hoja ya kusoma hesabu, si hoja ya kusoma GRE.

#34 Kansanga_TZ
Tukiwa hapohapo: nyumbani au kituoni? Mimi nataka kufanyia nyumbani.

#35 Daktari_wa_Zamu
Nyumbani ukiwa na umeme na intaneti ya kuaminika, sawa. Lazima uwe peke yako chumbani, msimamizi anakuona kwa kamera, unazungusha kamera chumba kizima kabla ya kuanza. Hakuna visikizi masikioni. Karatasi za kawaida marufuku: unatumia kibao cheupe kidogo au karatasi moja ndani ya plastiki angavu, na kalamu inayofutika. Sasa kufanya jiometri kwenye kibao unachofuta kila dakika mbili ni mazoezi ya pekee, yaanze mapema.

#36 Mama_wa_Entebbe
Na mlango ufungwe kwa funguo. Jirani yangu mmoja mtoto aliingia kuomba chai katikati ya sehemu ya lugha, msimamizi akausimamisha mtihani.

#37 Mhandisi_Kireka
Mimi nilifanyia kituoni, umeme ukakatika, jenereta ikachukua muda kuwaka. Mashine zilirudi na muda wangu ulikuwa pale nilipouacha, ila moyo ulikuwa umeshatoka. Kansanga, wewe si raia wa hapa, beba pasipoti. Kwa anayefanyia nchi isiyo yake kitambulisho kingine hawakipokei. Na majina yafanane na uliyojiandikisha.

#38 Kijana_wa_Ntinda
Banange, zamani si mlikuwa mnakaa humo karibu saa nne? Jenereta ingepata muda wa kupoa.

#39 Mhandisi_Kireka
Huo uliisha Septemba 2023. Sasa ni saa moja na dakika 58, na insha imebaki moja badala ya mbili. Leo umekaribia ukweli, hongera.

#40 Dada_wa_Arua
Ada ni zaidi ya dola 200, kwa pesa yetu inakaribia laki nane. Nikirudia ni laki nane nyingine. Kwa hiyo nataka niingie mara moja. POWERPREP ya pili ya bure niifanye lini?

#41 Mama_wa_Entebbe
Iache mpaka wiki mbili tatu kabla ya mtihani, asubuhi, saa ileile utakayofanyia mtihani. Usiichezee sasa, zile za ziada wanaziuza. Na ikibidi kurudia, kati ya mtihani na mtihani ni siku 21, na unachagua alama zipi zitumwe. Ile mbaya inabaki kwako.

#42 Takwimu_Mbale
Kabla ya kulipa waone EducationUSA, washauri wa masomo ya Marekani, pale ubalozi wa Marekani Nsambya, hata kwa baruapepe kama huwezi kushuka Kampala. Waulize kozi zako zipi bado zinadai alama.

#43 Dada_wa_Arua
Nimewaandikia. Kwa sasa naanza na vipeo na lile daftari. Mwalimu, thamani kamili nitakuuliza humuhumu, usinikimbie.

#44 Mwalimu_Jinja
Lete swali la kwanza leo jioni. Andika na jibu ulilochagua, hata kama ni la ovyo.

#45 Boda_MBA
Wakuu nimechelewa. Mimi nataka GMAT, ile mpya ya sehemu tatu za dakika 45. Haya ya daftari na kibao yananihusu?

#46 Mhandisi_Kireka
Daftari ndiyo. Jiometri imeondolewa huko, na sehemu ya hesabu huruhusiwi kalkuleta. Mengine fungua uzi wako, huu ni wa dada.

#47 Kijana_wa_Ntinda
Ukiufungua niite, nina ushauri.